Simu Isiyotangaza PIN Yako: Mwongozo kwa Asiyeona na kwa Mtengenezaji wa Apu, Kati ya Thika na Ruiru

Muuzaji ataanza na kamera. Atakwambia ina megapikseli 50, atasifu kioo, kisha atakuwekea simu kiganjani upime wembamba wake. Msikilize kwa adabu, maana kamera utaihitaji, ingawa si kwa picha anazozifikiria yeye. Akimaliza, mwombe afungue mipangilio ya ufikivu na awashe kisoma skrini. Kwenye simu za Android kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na vyote viwili ni vya bure. Akikataa kwa kuogopa kwamba utaivuruga simu yake, mshukuru utoke. Kenyatta Highway pale Thika haina uhaba wa maduka ya simu, na Ruiru mjini vilevile.

Ingia dukani na swali moja, mengine yatajipanga nyuma yake: kwa simu hii nitaweza kutuma pesa nikiwa katikati ya watu, bila kumwomba mtu anisomee na bila jirani kuisikia PIN yangu? M-PESA ilianza Machi 2007, na tangu hapo wasioona wengi wamelazimika kumkabidhi wakala, mtoto au jirani simu pamoja na siri yake. Wapo walioibiwa na wapo walioheshimiwa, lakini wote hesabu zao zilijulikana na watu wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 333,520 wenye ulemavu wa kuona. Kwa kila mmoja wao, ubora wa simu unaanzia hapo kwenye PIN, na megapikseli zije baadaye.

Mifumo miwili iliyozaliwa mwaka mmoja

VoiceOver ilifika kwenye iPhone 3GS mwezi Juni 2009. TalkBack ilikuja mwaka uleule pamoja na Android 1.6. Kabla ya hapo, mwenye uwezo alinunua Nokia ya Symbian, kisha akanunua tena programu ya kuisomesha, na asiye na uwezo alikariri vitufe kwa kidole.

Ingawa zilizaliwa pamoja, hazikukua pamoja. VoiceOver ilianza ikiwa imekamilika: unapitisha kidole juu ya kioo, kila unachogusa kinatajwa, unagonga mara mbili kukifungua. Android ilipata kupapasa kioo kwa namna hiyo mwaka 2011, kwenye toleo la 4.0, na ishara za vidole vitatu na vinne zikaja baadaye sana, kwenye simu za Android 11 na kuendelea. Kibodi ya Braille ya kuchapia moja kwa moja kwenye kioo iliingia iPhone mwaka 2014 na TalkBack mwaka 2020. Ndiyo maana ukimuuliza mtu aliyejifunza simu zamani, atakujibu bila kufikiri kwamba asiyeona anunue iPhone. Ushauri huo ulikuwa na haki yake mwaka 2012. Leo mtu anayekupa bila kukuuliza unafanya kazi gani na unaongea lugha gani, anakupotezea pesa.

Uzuri wa iPhone uliobaki ni huu. Kwanza, tabia yake ni moja. Aliyejifunza VoiceOver kwenye iPhone ya Githurai ataitumia ya London bila kuuliza. TalkBack ya Samsung na ile ya Tecno au Infinix ni ndugu, lakini kila kampuni imepanga menyu zake upya, na baadhi zina mfumo mkali wa kuokoa betri unaoweza kuzima kisoma skrini katikati ya kazi. (Ukinunua simu ya aina hiyo, ingia kwenye mipangilio ya betri siku ya kwanza uiondoe TalkBack kwenye orodha ya apu zinazobanwa.) Pili, iPhone hupata masasisho kwa miaka mingi. Tatu, kwa anayesoma Braille kwa vidole kupitia kifaa kinachounganishwa kwa Bluetooth, kama Orbit Reader 20 ambacho Kilimanjaro Blind Trust Africa imekuwa ikiwapatia wanafunzi, iPhone ilitangulia kwa muda mrefu. TalkBack yenyewe ilianza kubeba kazi hiyo ndani yake mwaka 2022, bila kuhitaji apu ya pembeni.

Uzuri wa Android ni wa mtaani zaidi: bei, laini mbili, fundi wa kila kona, tundu la visikizi vya waya, na Kiswahili.

Hukumu yangu ni kwamba wengi wanaoishi kati ya mto Chania na Ruiru wanafaa kununua Android ya daraja la kati, Samsung ikiwezekana, kwa sababu TalkBack yake inatabirika zaidi. Nunua iPhone kama unasoma Braille kwa kifaa kila siku, au kazi yako karibu yote ni ya Kiingereza, au umeizoea tayari na vidole vyako havitaki kujifunza upya. Hiyo ya mwisho ni sababu halali kabisa. Mazoea ya vidole ni mtaji.

Kiswahili kisomwe Kiswahili

Hapa ndipo wauzaji, na hata wakufunzi wengine, hukosea. Mtu wa huku hasomi lugha moja. Benki inamwandikia Kiingereza, kundi la chama kwenye WhatsApp linaandika Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na shangazi anatuma ujumbe wa Kikuyu. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "pesa imefika" inasoma kitu kama "aimifaika", na asubuhi nzima unabaki kufumbua mafumbo kwenye simu uliyoinunua ikupunguzie kazi.

Kwenye Android, huduma ya sauti ya Google ina Kiswahili. Ingia mipangilio ya lugha, tafuta sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, pakua Kiswahili ukiwa kwenye Wi-Fi, na tangu hapo kitasoma hata bando likiisha. Iko pia eSpeak NG, ya bure, ambayo inajua Kiswahili. Sauti yake ni kavu kama bati, lakini ni nyepesi, haichelewi, na mtu aliyeizoea huiongeza kasi hadi wanaomsikiliza wakadhani simu imeharibika. Kuandika kwa kusema nako kupo: Google iliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania mwaka 2017, kwa hiyo unaweza kuisemesha kibodi yako Kiswahili na ikaandika.

Kwenye iPhone, Siri haizungumzi Kiswahili. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022, Apple imeruhusu sauti za watengenezaji wengine ziingie ndani ya VoiceOver, eSpeak NG ikiwemo, hivyo mlango upo. Lakini ni mlango wa mtu anayejua kuutafuta. Kama unamnunulia mzazi aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani na asiyetaka Kiingereza, usimtwishe safari hiyo.

Jaribio la dukani ni rahisi. Mwambie uliyeongozana naye akutumie ujumbe wa Kiswahili wenye tarakimu ndani, tuseme "Nimekutumia 1,550 ya unga na mafuta, nijulishe ikifika." Usikilize kwa sauti unayokusudia kuitumia. Kisha badilisha lugha bila kutoka kwenye ujumbe: TalkBack ina kipengele cha lugha ya kusoma kwenye menyu yake, na VoiceOver unazungusha vidole viwili juu ya kioo kama unayefungua kizibo hadi usikie lugha. Kama kubadilisha kunakuchosha dukani, nyumbani hutafanya. Kwa ujumbe wa shangazi, mpe Kikuyu chake msomaji wa Kiswahili. Atakosea hapa na pale, ila irabu atazitamka karibu zaidi kuliko Mwingereza.

PIN na masikio ya jirani

Kisoma skrini husema kila unachogusa, na hapo ndipo hatari ilipo. Ukipapasa tarakimu za PIN kwenye kioo, sauti inaweza kuzitaja moja moja mbele ya foleni nzima. Mifumo yote miwili hujaribu kuficha nywila ikitambua kwamba kisanduku ni cha siri. Tatizo ni USSD. Ukipiga *334#, kisanduku kinachotokea cha kujibia ni cha maandishi ya kawaida, na simu haijui kwamba tarakimu nne unazoandika ni siri. Itazisoma, na mwenye macho aliye nyuma yako ataziona.

Kwa hiyo fanya mambo matatu kabla ya kuanza kutuma pesa hadharani. Vaa kisikizi kwenye sikio moja, la pili libaki kwa ajili ya dunia. Zima mwonekano wa kioo: VoiceOver inaruhusu kugonga mara tatu kwa vidole vitatu na kioo kinakuwa cheusi huku simu ikiendelea kufanya kazi, na TalkBack ina amri ya kuficha skrini kwenye menyu yake. Halafu tumia menyu ya laini au apu ya M-PESA kwa kazi za PIN inapowezekana, badala ya USSD, maana huko kisanduku hutambulika kuwa cha siri. Kwenye Android menyu ya laini huonekana kama apu ya kawaida. Kwenye iPhone imefichwa ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu, na wengi hawajui kama ipo.

Hapa ndipo tundu la visikizi linapokuwa hoja kubwa. iPhone iliondoa tundu hilo mwaka 2016, na tangu hapo unahitaji visikizi vya Bluetooth au kiunganishi. Visikizi vya Bluetooth huisha chaji, hupotea, na vya bei nafuu huchelewesha sauti kiasi cha kukufanya ugonge kitufe kilichokwisha kupita. Vya waya vya shilingi mia chache havina mambo hayo. Simu nyingi za Android za daraja la kati bado zina tundu. Lipapase kabla ya kulipa.

USSD ina ubaya mwingine: ina saa. Menyu ikisomwa polepole hadi chaguo la saba, mtandao unakata kikao kabla hujajibu. Dawa ni kukariri namba za njia unayoitumia kila siku na kuongeza kasi ya sauti. Saa hiyohiyo iko kwenye Hakikisha, ile huduma inayokutajia jina la mpokeaji na kukupa sekunde chache za kusitisha. Usiisubiri ndiyo iwe ulinzi wako. Hifadhi namba kwa jina kwenye simu na uchague jina. Ukikosea, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kuomba pesa zirudishwe.

Kama una kibanda au duka, jua kwamba ujumbe halisi wa malipo hutoka kwa MPESA, na kisoma skrini hutaja mtumaji kabla ya maneno. Ukisikia namba ya simu ya kawaida ikifuatwa na "imethibitishwa", mteja huyo hajalipa, hata akuapie. Usimruhusu akuonyeshe simu yake. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli usambaze kwa 333, ni bure. Na jifunze kusoma herufi moja moja, kwa vidhibiti vya kusoma vya TalkBack au kwa ule mzunguko wa vidole viwili wa VoiceOver, kwa sababu msimbo wa muamala ukisomwa kama neno hutaweza kumtajia mtu yeyote.

Pesa yako, na simu iliyotumika

Kati ya shilingi 15,000 na 25,000 unapata Android inayotosha. Angalia kumbukumbu ya kufanyia kazi isiwe chini ya GB 4. Simu ya GB 2 huwasha TalkBack vizuri dukani, lakini ukishaweka WhatsApp, M-PESA na makundi matano ya kanisa, inaanza kujibu baada ya kidole kuondoka. Kwa mwenye macho hilo ni usumbufu. Kwa asiyeona ni simu iliyokufa, maana hujui kama imesikia. Alama ya kidole iwe pembeni au nyuma, mahali unapoweza kuipapasa, wala si chini ya kioo.

Mipango ya kulipa kidogo kidogo imesaidia wengi. Safaricom ilizindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, wakati huo kwa shilingi 20 kwa siku. Kabla ya kukubali, uliza simu ikifungwa kwa kuchelewa kulipa kama kisoma skrini kitaendelea kusoma ukurasa wa kulipia. Mwombe mhudumu akuonyeshe, usikubali maneno.

iPhone mpya ya toleo la karibuni hupita laki moja, kwa hiyo wengi hununua iliyotumika. Uliza ni toleo gani. iOS 26 ya mwaka 2025 inakubali iPhone 11 na kuendelea, pamoja na SE ya 2020, na zile za XR na XS zimeachwa nyuma. SE ina kitufe cha nyumbani unachokihisi kwa kidole, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa. Hakikisha akaunti ya mmiliki wa zamani imeondolewa mbele yako na simu imewashwa upya kabisa ukiwa hapo, la sivyo umenunua kioo. Wakati wa kuiwasha upya gonga kitufe cha pembeni mara tatu (au cha nyumbani), na VoiceOver itaanza kuongea. Kwenye Android mpya, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache kwenye ukurasa wa kukaribisha. Huhitaji macho ya mtu kuandaa simu yako, na usikubali mtu aiandae kwa akaunti yake ya Google "kwa muda tu". Huo muda huwa hauishi.

Mwisho wa kununua ni protekta. Zile nene za kioo hupunguza wepesi wa mguso. Weka nyembamba.

Kujifunza

Thika ina bahati ambayo miji mikubwa zaidi haina. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona hapa mwaka 1946, na mwaka 2009 shirika la inABLE, lililoasisiwa na Irene Mbari-Kirika, lilianza kazi yake ya maabara za kompyuta katika shule hiyohiyo. Maana yake ni kwamba mjini na viungani mwake wapo watu wazima wengi waliokulia kwenye visoma skrini, wanafanya kazi, wanafundisha. Mtafute mmoja akukalie jioni chache. Atakufaa kuliko video, kwa sababu ataushika mkono wako.

Mwambie aanze na ishara chache tu: kutelezesha kidole kulia kwenda mbele, kushoto kurudi, kugonga mara mbili kufungua, vidole viwili kusogeza ukurasa kwenye TalkBack (vitatu kwenye VoiceOver), vidole viwili kugonga mara mbili kupokea simu. Hiyo ya mwisho inafanya kazi pande zote mbili na itakuokoa aibu ya kutafuta kitufe cha kijani wakati mama anaita. Ukikutana na kitufe kisicho na jina, unaweza kukipa jina mwenyewe. Kwenye iPhone gonga kwa vidole viwili mara mbili na ushikilie, na kwenye Android ingia menyu ya TalkBack. Jina hilo litabaki kwenye simu yako.

Sasa ile kamera. Be My Eyes ilianza 2015 kwa iPhone na ikafika Android 2017. Inakuunganisha na mtu mwenye macho anayejitolea kukusomea tarehe kwenye dawa, na tangu 2023 ina pia msaidizi wa akili unde. Seeing AI ilikuwa ya iPhone pekee tangu 2017 hadi ilipofika Android mwishoni mwa 2023. Hoja ya "apu nzuri ziko iPhone" iliishia hapo kwa kiasi kikubwa. Tahadhari moja: akili unde hubuni inapokosa kuona vizuri. Kipimo cha dawa usikikabidhi kwake peke yake, na kitambulisho au kadi ya benki usimwonyeshe mgeni.

Barabarani, fungua ramani ukiwa ndani ya matatu ya 237 au 145 uifuatilie njia, halafu mwambie makanga steji yako hata hivyo. Kati ya Juja na Ruiru steji ni nyingi, na gari likikaa njia ya kasi ya Thika Superhighway utashushwa mbele ya unakokwenda. Simu ikae mfukoni na sauti sikioni. Simu iliyoshikwa mkononi karibu na dirisha ina wateja wengine.

Kwa wewe unayeandika apu

Uko JKUAT pale Juja, au Zetech Ruiru, au Mount Kenya University Thika, au umemaliza na unaandikia sacco apu ya mikopo. Huenda unaandika kwa Android kwanza, na hesabu inaeleweka: akaunti ya Play Store ni dola 25 mara moja, ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na Apple inataka Mac juu yake. Kwa hiyo wasioona wanaokutegemea wengi wako kwenye TalkBack, na simu yako ya majaribio iwe ya bei waliyo nayo wao. Usipimie kwenye kiigizi cha kompyuta.

Kosa linaloongoza ni kitufe kisicho na jina. Umechora alama ya ndege ya karatasi kumaanisha tuma, na TalkBack inasema "kitufe, hakina lebo". Android ya kawaida ina contentDescription, iOS ina accessibilityLabel, React Native inatumia accessibilityLabel pamoja na accessibilityRole, na Flutter ina Semantics. Ukitumia Flutter kuwa macho zaidi: kitu ulichokitengeneza mwenyewe kwa GestureDetector juu ya picha kinaweza kupita kimya kabisa, kama hakipo. Vitufe vya kawaida vya mfumo hujitambulisha vyenyewe, kwa hiyo kabla ya kubuni kitufe chako maridadi, jiulize kinamnufaisha nani. Jina liseme kazi: "Tuma pesa", wala si "Picha ya ndege", wala si "kitufe cha tuma", maana kisoma skrini kitaongeza neno kitufe chenyewe.

La pili halitajwi kwenye mafunzo mengi ya ughaibuni, na kwetu ndilo zito: lugha. Apu yako ina "Lipa mkopo" juu na "Terms and conditions" chini. Usipoiambia simu kipande kipi ni lugha ipi, kimoja kitasomwa ovyo. Kwenye wavuti andika lang="sw" kwa ukurasa na lang="en" kwa kipande cha Kiingereza. Android ina LocaleSpan, iOS ina accessibilityLanguage, na Flutter ina LocaleStringAttribute. Ni mistari michache. Kabla ya hiyo, amua apu yako inaongea lugha gani, uache kuchanganya ndani ya sentensi moja kwa sababu inasikika ya kisasa.

Kisha muda. Ukurasa wa kuthibitisha malipo unaojifunga baada ya sekunde 30 umeandikwa kwa jicho. Nambari ya siri ya mara moja iliyotumwa kwa SMS inamtaka mtu atoke kwenye apu, asikilize, akariri, arudi. Ruhusu simu iijaze yenyewe, na akirudi asikute fomu imefutika. Ujumbe wa kosa uliopakwa rangi nyekundu bila maneno hauna maana kwa asiyeiona. Kosa likitokea, kisoma skrini kipelekwe kwenye kisanduku chenye kosa na maneno yaseme nini kirekebishwe. Kisanduku cha PIN kitangaze kuwa cha siri, ili simu ijue kunyamaza. Baada ya yote uliyosoma juu kuhusu USSD, hilo ndilo jambo ambalo apu inaweza kufanya na USSD haiwezi.

Vipimo vya kawaida ni vya kufuata tu: sehemu ya kugusa isiwe chini ya dp 48 kwa Android na pointi 44 kwa iOS, na maandishi yatofautiane na mandhari kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, kwa ajili ya wanaoona kidogo. Accessibility Scanner ya Google ni ya bure na itakuonyesha mengi ya haya. Haitakwambia kama mpangilio una maana. Kwa hilo zima kioo, vaa visikizi, na ujaribu kukopa kwenye apu yako mwenyewe tangu kuingia hadi ujumbe wa mwisho.

Mteja akikuuliza kwa nini muda huo ulipwe, majibu ni mawili. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na vifaa vinavyomwondolea vikwazo. Na tangu 2022 Kenya ina kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za kidijitali, KS 2952, kilichopitishwa na shirika la viwango la KEBS. Mpe nambari hiyo iingie kwenye mkataba, ili ukaguzi usiwe hisani yako.

Halafu tafuta mjaribu asiyeona, na kwa Thika huna kisingizio cha kumkosa. Afadhali wawili, mmoja wa TalkBack na mmoja wa VoiceOver, mmoja mwepesi na mmoja aliyeanza juzi. Walipe kwa siku nzima pamoja na nauli, kama unavyomlipa mchoraji wako. Mmoja akikwama kwenye kitufe cha kulipa, usimwelekeze kilipo. Andika alipokwama, karekebishe, kisha umrudishie simu ajaribu tena.